Maisha ya Fundi Plasta, Jaji Aliyekataa Kufuta Kadi Yake

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika kumsindikiza, wasifu huu umeandikwa na binti mkubwa wa marehemu, na ndiye anayeusoma. Watu wawili watatu waungwana walimwomba aupunguze makali. Ameupunguza. Mtakayoyasikia ndiyo yaliyobaki baada ya kupunguza.

Marehemu, ambaye hospitalini, mtaani na ulingoni aliitwa Fundi Plasta mpaka barua nyingine za ofisini zikawa zinamjia kwa jina hilo, alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Agosti 1958, akiwa mtoto wa nne kati ya saba. Baba yake alikuwa seremala wa madirisha na mama yake mshonaji wa sare za shule. Chumba cha watoto kilikuwa na vitanda viwili, kwa hiyo mieleka marehemu hakufundishwa na mtu. Aliianza kwa kutafuta mahali pa kulala. Dada yake mkubwa, aliyeketi hapa mbele, anaapa kwamba mdogo wake huyu alikuwa na miaka sita alipogundua kwamba ukimshika mtu kifundo cha mguu na kumsukuma kiunoni, huyo yuko sakafuni, na blanketi ni lako.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, na sekondari kuanzia 1972 hadi 1975. Huko sekondari alikuwa nahodha wa timu ya mieleka. Mwaka wake wa mwisho, katika mazoezi, alimwangusha mwenzake vibaya akamvunja kiganja. Hakukimbia wala hakutafuta visingizio. Alimsindikiza hospitali kwa miguu, akakaa naye kwenye chumba cha plasta, akatazama mtu mmoja mnene mwenye aproni akichovya bandeji kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu na kuuzungushia mkono ule kana kwamba anafunga zawadi. Alirudi nyumbani akamwambia baba yake, "Mimi nataka kazi ile." Baba yake akamuuliza, "Ipi, ya kuvunja au ya kuunga?" Marehemu alilisimulia jibu lake maisha yake yote: "Ya kuunga. Ya kuvunja nimeshafuzu."

Alisomea ufundi wa plasta kuanzia 1977 hadi 1979, akaajiriwa hospitali ya mkoa tarehe 3 Septemba 1979, katika chumba nambari 11, mwisho wa korido, mlango wa kijani. Humo alikaa mpaka alipostaafu mwaka 2018. Miaka thelathini na tisa, chumba kimoja, ndoo ileile au mtoto wa ndoo ileile. Watoto waliokuwa wakiuogopa msumeno wa kukatia plasta aliwawekea ule msumeno kwenye kiganja chake mwenyewe ukiwa unanguruma, akawaambia, "Huu chakula chake plasta. Ngozi haupendi." Wapo wengi humu leo ambao mikono na miguu yao ilipita mikononi mwake. Wanajijua.

Katika korido hiyo ndiko alikopata mke. Mama yetu alikuwa mpiga picha za eksirei, chumba nambari 9. Siku ya kwanza kuzungumza waligombana. Marehemu alikwenda mlangoni kwake na picha mkononi, akasema, "Dada, kiwiko hiki umekipiga upande." Mama akajibu bila kugeuka, "Kiwiko kimevunjika upande. Rudi kwenye unga wako." Akarudi. Kesho yake alipasua plasta aliyokuwa ameifunga, akakuta dada yule alikuwa sahihi, akaenda kumwambia hivyo mbele ya wagonjwa waliokuwa kwenye foleni. Mama anasema alimpenda kwa hilo, kwa sababu wanaume wa hospitali ile walikuwa hawajui kusema "nimekosea" hata kwa kuchomwa sindano. Walifunga ndoa tarehe 20 Disemba 1986. Walijaliwa mabinti wawili, mkubwa mwaka 1988 na mdogo 1991.

Ikumbukwe hapo: marehemu akikosea alikuwa anasema. Alikuwa anasema mbele za watu. Wanaomjua wote wanalijua hilo, na walioamua kumtangaza kinyume chake walilijua pia.

Mwaka 1994 alianzisha klabu ya mieleka katika jengo la kiwanda cha chupa kilichofungwa. Magodoro yaliyotupwa na hospitali aliyashona yeye mwenyewe ndani ya turubai, kwa sindano ya viatu, wikiendi nne mfululizo. Mapigano mchanganyiko yalipoingia, yale ya ngumi, mateke na mieleka katika pambano moja, klabu ikaingia nayo, na mwaka 2011 chama cha mapigano kilipotafuta majaji, marehemu alikuwa wa kwanza kufaulu mtihani. Kitabu cha kanuni alikisoma mpaka pembe za kurasa zikawa laini kama kitambaa.

Kwa wasiojua mchezo huu, binti yake anaomba dakika moja. Majaji watatu hukaa pande tatu za ulingo, na kila raundi, kwenye kadi yake, kila mmoja humpa pointi kumi aliyeishinda, tisa aliyeshindwa. Tatizo huja pale mmoja anapomwangusha mwenzake na kumlalia. Ukumbini watu huona aliye juu, wakasema huyo ndiye anayeshinda. Lakini kitabu cha chama, ukurasa wa kumi na nne, kinasema jaji aangalie kwanza nani amemuumiza mwenzake, na nani amekaribia kulimaliza pambano, kwa kipigo au kwa kukaba au kwa kukunja kiungo. Kudhibiti kunaangaliwa baadaye, na pale tu hayo ya kwanza yanapokuwa sawa kwa sawa. Marehemu hakukitunga kitabu hicho. Walikitunga wao.

Na hakuwa na upendeleo wa ngumi. Mwaka 2015 alimpa raundi mpigana mieleka aliyekula ngumi kumi usoni, kwa kuwa alimkaba mwenzake mara mbili mpaka macho yakamtoka. Ukumbi ulipiga kelele siku hiyo pia. Akasema, "Ngumi kumi za kupepea nzi. Kabali mbili za kuzimia. Mnataka nini?"

Nyumbani uamuzi wake ulianza kabla hajapewa leseni. Siku moja mwaka 1999 binti mkubwa, akiwa na miaka kumi na mmoja, alimkalia mdogo wake juu ya zulia wakigombea kipindi cha televisheni. Mdogo, chini, alikuwa anampiga visigino vya mgongo kama anayepiga ngoma. Marehemu alitazama saa yake dakika nzima bila kuwaachanisha. Kisha akamuuliza mkubwa, "Umemkalia. Halafu?" Mkubwa akasema, "Halafu nimeshinda." Akasema, "Hujamfanya kitu. Yeye mgongo wako ameufanya mwekundu. Raundi ni yake, na televisheni ni yake." Binti mkubwa alikata rufaa kwa mama yake. Rufaa ilitupwa.

Sasa tunafika Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 2019.

Ukumbi wa michezo ulijaa tangu saa nane mchana. Pambano la mkanda lilikuwa kati ya bingwa aliyeitwa Gundi na mgeni aliyeitwa Dereva, kwa sababu kweli alikuwa dereva wa lori. Gundi alikuwa mpaka rangi wa magari aliyeingia katika klabu ya marehemu akiwa na miaka ishirini na miwili. Marehemu ndiye aliyemfundisha kuangusha watu, na ndiye aliyemfunga plasta kidole mara tatu. Chama kilimuuliza kama ataweza kumhukumu mwanafunzi wake. Alisema wamtafute mwingine. Wakasema hakuna mwingine. Hayo yameandikwa katika kumbukumbu zao, kama hawajazichana.

Raundi ya kwanza majaji wote walimpa Gundi. Ya pili wote walimpa Dereva. Ya tatu, ndiyo ya mwisho, Gundi alimwangusha mwenzake katika dakika ya kwanza na kumlalia karibu dakika nne. Ukumbi ulikuwa unaimba. Chini pale Dereva alikuwa anafanya kazi. Marehemu alikuwa na kidaftari ambamo kila pigo la maana alilipigia mstari, na kidaftari hicho kipo: viwiko thelathini na kimoja kutoka chini, nyusi ya Gundi imepasuka, mkono wake umekunjwa mara mbili karibu ajisalimishe. Upande wa Gundi, ngumi tatu. Sekunde ishirini za mwisho Dereva alichomoka, akasimama, akampiga mkono wa kulia uliomfanya bingwa apige magoti. Kengele ikalia.

Jaji mmoja alimpa raundi Gundi. Wa pili alimpa Dereva. Kadi ya tatu ilikuwa ya Fundi Plasta, na ilisema Dereva.

Viti vilianza kuruka. Marehemu alipelekwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na humo mwenyekiti wa chama akamfuata na kadi na kalamu. Binti mkubwa alikuwepo, alikuwa amempelekea baba yake koti. Maneno haya aliyasikia kwa masikio yake.

"Fundi, hapa umegeuza namba kwa bahati mbaya. Zirekebishe, uweke sahihi."

"Sijageuza."

"Jamaa alikuwa juu dakika nne!"

"Alikuwa juu. Akafanya nini?"

"Alimdhibiti."

"Alimlalia. Mimi nina wagonjwa waliolala wiki sita, na hakuna aliyechukua mkanda."

"Fundi, watu wanavunja viti huko nje."

"Viti ni vya ukumbi. Kadi ni yangu."

Mwenyekiti akamwambia kitu cha mwisho, kwa sauti ya chini: "Huyu ni mtoto wako wewe mwenyewe. Unampokonya mkanda mtoto wako?" Marehemu alivaa koti lake. Kalamu hakuipokea, na binti yake akamfungia vifungo.

Tarehe 21 Oktoba chama kilimwandikia barua ya kumsimamisha "mpaka uwezo wake wa kuona uthibitishwe na daktari". Kumbe kadi ikiwaudhi, macho ndiyo mabovu. Tarehe 24 alikwenda kwa daktari wa macho, akasoma ubao wote mpaka mstari wa mwisho, halafu akamsomea daktari na jina la mpiga chapa lililoandikwa pembeni kwa herufi za sisimizi. Cheti alikipeleka chamani kwa mkono wake. Waligonga muhuri wa IMEPOKELEWA. Tangu siku ile mpaka leo tunapomzika, hajajibiwa.

Mwezi uliofuata alikwenda klabuni, ufunguo haukuingia. Uongozi wa klabu ulikuwa umebadilisha kitasa. Watu aliowafundisha kuanguka bila kuvunjika shingo walikuwa ndani. Alizisikia sauti zao, aliwajua kwa vicheko. Alibisha hodi mara tatu. Vicheko vikakoma, mlango haukufunguliwa. Na ukutani kwa nyumba yetu mtu aliandika KIPOFU kwa rangi nyeusi, herufi za urefu wa mtoto. Marehemu alilifuta neno hilo kwa rangi nyeupe. Lilionekana mpaka alipopaka mara ya tatu. Hakumwita mtu kumsaidia, na alipomaliza aliingia ndani akanawa mikono muda mrefu kuliko kawaida. Chakula cha jioni hakukigusa.

Linalofuata ndilo binti yake alilojisomea mbele ya kioo tangu msiba ili leo aweze kulisema bila kupayuka. Februari 2022 chama kiliendesha semina ya majaji wapya. Somo lilikuwa jinsi ya kupima udhibiti dhidi ya mapigo. Mfano waliouonyesha ukutani, kwa video, ulikuwa raundi ya tatu ya Gundi na Dereva. Mkufunzi aliisimamisha, akarudisha nyuma, akahesabu viwiko, akasema hivi ndivyo raundi inavyotakiwa kuhukumiwa: inakwenda kwa aliye chini. Jina la jaji aliyeihukumu hivyo halikutajwa. Jaji mwenzake aliyekuwa ukumbini alikuja nyumbani kutueleza, na alilia. Marehemu hakulia. Aliuliza, "Walihesabu vingapi?" Jaji akasema, "Thelathini." Akasema, "Wamekosa kimoja."

Januari 2024 marehemu alianza kuumwa kichwa na kuangusha vikombe. Tarehe 19 alipigwa picha, ukaonekana uvimbe katika ubongo. Madaktari walisema ni wa aina inayokua kwa kasi, hauna hata mwaka. Hospitali, chumba kwa chumba, ilimpokea kama mtu wake, na familia inamshukuru kila muuguzi.

Machi mwaka huohuo, asubuhi ya Jumatatu tarehe 11, msemaji wa chama alisema redioni: "Sasa tumeelewa lile pambano la 2019. Mzee wetu alikuwa na tatizo kichwani. Sisi kama chama tunamsamehe."

Tunamsamehe! Mtu anafutwa, anafungiwa mlango, anaandikwa ukutani, kazi yake inaibwa na kufundishwa kwa wengine bila jina lake, halafu anasamehewa, tena redioni, huku mwenyewe amelala kitandani anasikiliza. Redio ilikuwa karibu na mto wake. Hakuizima. Alisema tu, "Mwite mama yenu."

Mama alivaa viatu vya kazini, vile vyeupe. Alichukua picha mbili. Ya kwanza ya Januari. Ya pili ilipigwa Juni 2021, marehemu alipoanguka na baiskeli akapigwa picha ya kichwa kwa tahadhari, miaka karibu miwili baada ya pambano, na kichwa kilikuwa safi. Alifika ofisi za chama saa nne. Katibu akamwambia mwenyekiti yuko kikaoni. Alikaa. Saa tisa mwenyekiti alitoka, na mama akazibandika picha zote mbili kwenye kioo cha dirisha ili jua lipite.

"Nimepiga picha za watu miaka thelathini na tatu," alisema. "Hii ni ya 2021. Nionyeshe ugonjwa."

"Mama, haya mambo yamepita."

"Kwako yamepita. Kwangu yalikuwa redioni asubuhi. Nionyeshe ugonjwa kwa kidole."

Mwenyekiti hakunyoosha kidole. Aliahidi kwamba taarifa itasahihishwa ndani ya wiki. Wiki zimepita kumi na mbili.

Aprili alikuja Gundi mwenyewe. Alisimama mlangoni mwa chumba cha mgonjwa, kofia mkononi, kovu la nyusi likiwa limekaa palepale. Alisema, "Mwalimu, siku ile nilikuwa nimechoka. Nilimshikilia ili nisianguke. Nilijua nimeshindwa hata kabla ya kengele."

Marehemu alimtazama. "Miaka mingapi umelijua hilo?"

"Tangu siku hiyo."

"Mbona hukusema?"

"Waliniambia nikifungua mdomo sipati pambano tena."

Marehemu akageuza uso ukutani. Kisha akasema, "Usiniambie mimi kitandani. Mimi nilikuwepo. Nenda kawaambie wao."

Alikwenda. Jumamosi tarehe 11 Mei, Gundi alisimama katikati ya klabu mbele ya wanachama wote akasema aliyomwambia mwalimu wake, na siku hiyohiyo akaondolewa katika orodha ya wapiganaji. Leo ni mmoja wa waliobeba jeneza. Binti mkubwa alipompelekea baba yake habari hiyo, aliuliza, "Mwenyekiti alikuwepo?" Akajibiwa hakuwepo. Akasema, "Basi bado." Watu wanapenda kusikia kwamba mgonjwa aliachilia yote moyoni kabla ya kuondoka. Huyu hakuachilia, na familia haitamsingizia.

Alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa tatu na robo asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka sitini na mitano. Mke wake alikuwa ameushika mkono wake wa kulia na binti mdogo wa kushoto. Binti mkubwa alikuwa jikoni anachemsha maji, akaitwa, akafika.

Alhamisi chama kilituma ujumbe. Kiliomba dakika kumi za mwenyekiti kuzungumza hapa, na kikaleta sentensi ya kuongezwa katika wasifu huu, kwamba marehemu "aliutumikia mchezo licha ya changamoto za kiafya". Familia ilikaa, ikajadili, na mama ndiye aliyetoa jibu. Mwenyekiti yupo, ameketi safu ya tatu, na tunamshukuru kwa kufika. Anakaribishwa kuzika. Kuzungumza hakaribishwi, mpaka atakapozungumza kwanza redioni, saa ileile, kwa jina kamili la marehemu.

Marehemu ameacha mke, aliyeishi naye miaka thelathini na saba. Mabinti wawili na wakwe wawili. Wajukuu watatu, mmoja wao akiwa na mkono kwenye plasta hivi sasa, iliyofungwa na mtu mwingine, na marehemu aliikagua kutoka kitandani akasema inafaa. Dada zake watatu na kaka mmoja. Wafanyakazi wenzake wa korido ile. Na wanafunzi wake, wale waliofika leo na wale walioona haya kufika.

Mwenyezi Mungu ampe pumziko jema. Ugomvi atuachie sisi.